Fizikia kwa Hatua Mbili: ISP Kwanza, Chuo Kikuu Baadaye

Mdogo wangu alipopata Diploma ya Serikali, chaguo la Math-Physique, nyumbani tulifurahi siku mbili. Siku ya tatu Baba alituita sebuleni, akauliza swali linalojulikana katika nyumba nyingi za Bunia: sasa mtoto huyu atasomea wapi? Mdogo wangu alitaka fizikia, na alitaka chuo kikuu kikubwa. Baba akaanza kuhesabu: minervali, kodi ya chumba, chakula, silabusi, nauli. Akataja na barabara yenyewe, maana kwenda Kisangani kwa gari ni kupita Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, na habari za njia ile hatuzisikii redioni tu, tunazisikia pia kwa majirani waliofiwa. Mama akasema, “Si aanze ISP, akiwa karibu nasi, halafu ataendelea mbele?” Mdogo wangu hakujibu mbele ya wazazi. Tulipotoka nje ndipo aliponiambia, “Yaya, ISP ni ya walimu. Mimi sitaki kufundisha fizikia, nataka kuijua.”

Sentensi hiyo ilinikaa kichwani. Mimi ni mwanafunzi wa lugha, na fizikia niliiacha sekondari bila majuto. Lakini kwa ajili yake nilikwenda kuuliza: walimu wa sekondari waliopita ISP, vijana waliovuka kutoka ISP kwenda chuo kikuu, na wengine waliojaribu kuvuka wakarudishwa. Makala hii inaeleza niliyoyapata: njia ya hatua mbili ni ipi, inampa mtu nini, inakwama wapi, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa kitivo cha lugha. Maana nilikwenda nikidhani nitasikia habari za hesabu, nikarudi na daftari lililojaa habari za maneno.

ISP ni nini, na hatua mbili ni zipi

Institut Supérieur Pédagogique, ambayo sote tunaiita ISP, ni shule ya juu inayotayarisha walimu wa sekondari. Ndiyo kazi yake kwa sheria na kwa desturi. Anayesoma fizikia huko anasoma vitu viwili kwa pamoja: fizikia yenyewe, na namna ya kuifundisha. Kwa hiyo katika juma moja anaweza kuwa na somo la mekanika, somo la umeme, somo la saikolojia ya mtoto na somo la kutayarisha fundisho. Mwishoni anakwenda staji, yaani anasimama mbele ya darasa la kweli, mwalimu wa zamani ameketi nyuma na kalamu mkononi.

Chuo kikuu kinasoma fizikia kwa ajili ya fizikia. Hesabu ni nyingi zaidi na zinakuja mapema zaidi: derivati, integrali, aljebra ya vekta na matriki, hesabu za mabadiliko. Anayefika mbali anaingia katika fizikia ya atomu na ya kiini cha atomu.

Katika mfumo wa zamani mpaka kati ya hatua hizi ulikuwa rahisi kuueleza. Gradua ilichukua miaka mitatu, lisansi ikaongeza miwili. Mtu aliweza kupata gradua ya ISP, kisha akaomba nafasi katika lisansi ya chuo kikuu. Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 nchi yetu ilianza kueneza mfumo wa LMD, na hapo hesabu imebadilika: lisansi ni miaka mitatu yenye krediti 180, masta ni miaka miwili yenye krediti 120, kisha unafuata udaktari.

Wasomaji wa lugha watambue kilichotokea hapa. Neno “lisansi” limebaki, maana yake imehama. Baba yangu akisema “lisansi” anafikiria miaka mitano. Mdogo wangu akisema “lisansi” anafikiria mitatu. Walibishana nusu saa juu ya gharama kabla sijagundua kwamba kila mmoja anahesabu kitu kingine. Ndiyo sababu shauri la kwanza la makala hii ni dogo sana: kabla ya kujadili pesa na mzazi, semeni miaka, msiseme majina ya diploma.

Njia hii si ya aibu

Wako wanaodhani kuanza chini ni dalili ya kushindwa. Ndugu zetu wengi wa mashariki ya Kongo waliopokelewa Marekani kama wakimbizi wamekuta huko mpango unaofanana na huu. Kuna vyuo vinavyoitwa vya jamii, vya miaka miwili, vilivyo karibu na nyumbani na vyenye gharama ndogo. Cha kwanza cha umma ambacho kinaendelea hadi leo ni Joliet, katika jimbo la Illinois, kilichoanza mwaka 1901. Mtu anasoma huko masomo ya mwanzo, fizikia ikiwemo, kisha anahamia chuo kikuu na kuendelea kutoka pale alipofika.

Eileen Collins alianza hivyo. Alisoma hesabu na sayansi katika chuo cha jamii cha Corning, jimbo la New York, akamaliza mwaka 1976. Akahamia Chuo Kikuu cha Syracuse, akamaliza mwaka 1978. Mwaka 1999 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza safari ya chombo cha anga cha Marekani, na katika safari hiyo walipeleka angani darubini ya Chandra, ambayo inachunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota na makundi ya nyota.

Lakini wenzetu huko nao wana mtego wao. Katika vyuo hivyo mara nyingi kuna fizikia za aina mbili: moja inayotumia aljebra ya kawaida, nyingine inayotumia derivati na integrali. Zote zinaitwa fizikia, zote zina pointi, lakini anayetaka kuhamia idara ya fizikia au ya uinjinia akiwa amechukua ile ya kwanza anaambiwa airudie. Mtoto wa shangazi yangu aliye huko alinitumia ujumbe wa sauti akieleza hivyo, na nilipomsikia nilifikiria moja kwa moja ISP zetu. Jina la somo halitoshi. Aliyeko ng’ambo ya pili atataka kujua ndani ya somo mlikuwa na nini.

Kinachopatikana katika hatua ya kwanza

Sasa nirudi kwenye sentensi ya mdogo wangu: sitaki kufundisha, nataka kujua. Mwalimu mmoja wa sekondari, aliyepita ISP kabla ya kwenda chuo kikuu, alinijibu kwa kisa kilichompata akiwa staji.

Alikuwa anafundisha kuhusu kuchemka kwa maji. Silabusi ilisema maji huchemka kwenye nyuzi 100, naye aliandika hivyo ubaoni. Akawasha jiko la makaa, akaweka sufuria, akamwita mwanafunzi mmoja atie themometa. Maji yakachemka vizuri, mapovu yakajaa, themometa ikasimama karibu na 96. Wakangoja. Haikupanda. Akawaambia wanafunzi kwamba themometa ni mbovu. Msichana mmoja akainua mkono: “Mwalimu, tuazime nyingine?” Wakaazima. Nayo ikasimama palepale.

Usiku ule hakulala vizuri. Fundisho lilikuwa la kuendelea kesho yake, na mwalimu wake wa staji angekuwa ameketi nyuma. Ndipo akafungua tena kurasa za kanieneo ambazo alikuwa amezikariri kwa ajili ya mtihani bila kuzielewa. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yetu ni kidogo kuliko ile iliyo juu ya mtu wa pwani, kwa hiyo inasukuma maji kwa kanieneo dogo zaidi. Maji huanza kuchemka pale ambapo mvuke unaotokea ndani yake unaweza kuishinda hewa inayoyakandamiza. Hewa ikisukuma kidogo, mvuke unashinda mapema. Hapa kwetu inatokea karibu na nyuzi 96. Kisangani, ambako ni chini, karibu mita 400, inatokea karibu na nyuzi 99. Ndiyo sababu maharagwe hapa yanakawia kuiva kuliko kule, hata kuni zikiwa zilezile: maji yanayochemka hapa hayana joto kali kama ya kule.

“Mtihani nilikuwa nimeupita,” aliniambia. “Lakini siku niliyoijua kanieneo ni siku ile, kwa sababu ya yule binti.”

Hicho ndicho kitu ambacho hatua ya kwanza inatoa na ambacho mdogo wangu hakukiona. Katika ISP mtu analazimishwa kueleza. Anayeeleza anagundua haraka mahali ambapo yeye mwenyewe hajui. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kupita miaka mitatu akitatua hesabu za kanieneo bila mtu yeyote kumwuliza kwa nini maharagwe ya Bunia yanakawia.

Tunalo pia funzo la Erasto Mpemba wa Tanzania. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu ya maziwa na sukari pamoja na wenzake. Aliharakisha, akaweka maziwa ya moto katika friji bila kuyapoza, akaona yake yameganda kabla ya yale ya mwenzake. Mwalimu wake hakumwamini, na wenzake wakamcheka. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilohilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuwatembelea. Osborne akalijaribu swali hilo, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la kufundishia fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori karibu na Moshi. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa masharti gani, lakini jina la Mpemba limebaki juu yake. Swali lilizaliwa jikoni, kwa kijana ambaye hakuwa katika chuo kikuu chochote.

Vyombo na maneno

Hatua ya kwanza ina upungufu wake, na si vizuri kuuficha. Wa kwanza ni vyombo. Wengi walinieleza masomo ya umeme waliyosoma kwa chaki bila kushika ampemita. Chuo kikuu kinaahidi zaidi, na historia inaonyesha kwamba nchi yetu iliwahi kulipa uzito jambo hili: katika kilima cha Lovanium, chuo kikuu kilichoanzishwa Leopoldville mwaka 1954, ndipo tanuri la kwanza la nyuklia barani Afrika lilipowashwa mwaka 1959, kwa ajili ya utafiti. La pili, TRICO II, lilianza mwaka 1972 na likasimama mwaka 2004. Kwa hiyo anayevuka asidhani kwamba ng’ambo kila chombo kinamngoja kikiwa kinafanya kazi.

Upungufu wa pili ni wa maneno, na hapa ndipo nilipoanza kuandika kwa kasi.

Sheria ya mfumo wa elimu ya mwaka 2014 inaruhusu lugha zetu za taifa na lugha za mahali katika shule ya msingi. Baada ya hapo Kifaransa kinashika darasa. Mtoto wa Bunia anajifunza fizikia kwa Kifaransa, anaielewa (akiielewa) kwa Kiswahili, na mara nyingine anaota kwa Kilendu, Kihema, Kialuru, Kibira au lugha nyingine ya nyumbani. Hili lenyewe si kosa. Watu wengi duniani wanaishi hivyo. Taabu iko mahali ambapo neno moja la lugha moja linafunika maneno mawili au matatu ya lugha nyingine, na hakuna aliyemwonya mwanafunzi.

Chukua neno “nguvu”. Kifaransa cha fizikia kinatenganisha force, énergie na puissance. Sisi mtaani tunasema nguvu kwa zote tatu. Sasa wafikirie kina mama wawili wanaopandisha maji kutoka kisimani hadi nyumbani, mita 10 juu. Kila mmoja ana ndoo ya lita 20. Ile inayouvuta mkono chini ni force. Kazi ya kuyainua maji hayo mita 10 ni ileile kwa wote wawili, karibu jouli 2,000. Hiyo ni énergie waliyoyapa maji. Lakini mmoja amepanda kwa sekunde 20 na mwingine kwa sekunde 40. Wa kwanza ametoa wati 100, wa pili 50; hiyo ni puissance. Ukimwuliza mwanafunzi nani ametumia nguvu zaidi, atajibu yule aliyekwenda haraka, na kwa Kiswahili cha mtaani amejibu sawa. Katika mtihani wa Kifaransa anapata sifuri, na hajui kwa nini.

Chukua “joto”. Chaleur na température kwetu ni joto. Sufuria kubwa ya maji vuguvugu na kikombe cha chai ya moto: kipi kina joto zaidi? Kikombe kina température kubwa zaidi. Lakini ili kulipasha lile sufuria kutoka baridi hadi uvuguvugu ilihitajika chaleur nyingi kuliko ya kikombe.

Chukua “uzito”. Gunia la mchele limeandikwa kilo 50. Kwa fizikia, kilo 50 ni masse, wingi wa kitu chenyewe. Poids ni jinsi dunia inavyokivuta, na inapimwa kwa nyutoni. Gunia hilo hapa Bunia linavutwa kwa karibu nyutoni 490. Lipeleke mwezini, mchele ni uleule, mvuto unashuka hadi karibu nyutoni 81. Mwalimu wa Ituri hana haja ya kwenda mwezini ili kueleza hili. Mnunuzi wa dhahabu anatumia mizani ya sahani mbili: dhahabu huku, jiwe la kupimia huku. Mizani hiyo inalinganisha vitu viwili vinavyovutwa mahali pamoja, kwa hiyo jibu lake ni lilelile popote utakapokwenda nayo. Mwuza samaki kutoka Kasenyi anatundika samaki kwenye mizani ya springi. Springi inapima mvuto. Ya kwanza inakupa masse, ya pili inahisi poids. Mizani zote mbili ziko sokoni, na sote tunaziita mizani.

Wenzetu wa Tanzania walikutana na shida hii zamani, wakatenga maneno. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya maneno ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Katika Kiswahili cha sayansi kinachotumika kwao, force ni kani, énergie ni nishati, puissance ndiyo imeachiwa nguvu. Masse ni tungamo, poids ni uzito. Chaleur ni joto, température ni halijoto. Pression ni kanieneo, neno nililolitumia hapo juu, ambalo limejengwa kwa kani na eneo, yaani linabeba ndani yake hesabu yake: kani gawanya kwa eneo. Mwanafunzi anayelijua neno hilo ana nusu ya formula mdomoni.

Sisemi mtihani ufanywe kwa Kiswahili. Nasema mwanafunzi anayejua kwamba “nguvu” yake ni tatu ataisoma silabusi ya Kifaransa kwa macho mengine.

Mahali watu wanapokwama wakivuka

Kijana mmoja alinisimulia jinsi alivyofika katika chuo kikuu kimoja na gradua yake mkononi, akitumaini kuingia lisansi. Alikuwa na karatasi za pointi tu. Pale waliona masomo ya saikolojia, ya ufundishaji na ya staji, wakaona saa za hesabu ni chache, na hakuna maelezo ya yaliyomo katika fizikia. Wakamwambia aanze tena karibu na mwanzo. Alirudi nyumbani. Leo anauza vipuri vya pikipiki, na hesabu zake ni safi kuliko za mwenye duka.

Kutokana na kisa chake na vya wengine nimekusanya mambo ambayo anayeanza hatua ya kwanza angefaa kuyafanya tangu mwaka wa kwanza.

Aulize kule anakotaka kwenda kabla hajamaliza huku. Kitivo kinachopokea ndicho kinachoamua krediti zipi zitahesabiwa na masomo gani ya nyongeza yatadaiwa. Barua moja, au ndugu mmoja aliye karibu na ofisi hiyo, inaokoa mwaka mzima.

Ahifadhi zaidi ya pointi. Kwa kila somo aweke mpango wake: sura zilizosomwa, saa au krediti, jina la somo kama lilivyoandikwa rasmi. Mwalimu akihama au silabusi ikipotea, karatasi hizo haziwezi kuandikwa upya kwa urahisi. Na sisi tulioishi Bunia tunajua jinsi makaratasi yanavyopotea watu wanapokimbia. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine kwa ndugu aliye mji mwingine, na picha ndani ya simu.

Aongeze hesabu kwa mikono yake. Saa ambazo ISP imezipa ualimu, chuo kikuu kimezipa derivati na integrali. Pengo hilo halizibwi na mtu mwingine. Waliovuka vizuri walinieleza jambo moja: walikuwa na kikundi cha watu watatu au wanne waliotatua mazoezi kila jioni, na kila aliyetatua alisimama kuwaeleza wenzake.

Aandike kila jaribio alilolifanya, hata la sufuria na themometa: alitumia nini, alipima nini, alipata nini, anadhani kwa nini. Daftari la namna hiyo linaonyesha mtu anayefikiri, na linamfaa yeye mwenyewe atakapokutana na vyombo vikubwa.

Kazi iliyo kwetu

Nilipokuwa nikiandika haya nilijiuliza kama mhariri atayakubali, maana jarida letu ni la lugha. Lakini angalieni tulivyo. Sisi katika kitivo chetu tunasoma namna maneno yanavyogawana maana. Tunafanya mazoezi ya tafsiri kwa matini za hadithi na hotuba. Mwaka hadi mwaka wanafunzi wanatafuta somo la kazi ya kumalizia, wengine wanaishia kuandika yale yaliyoandikwa na waliotangulia. Na mita chache kutoka kwetu, mwenzetu wa fizikia anaanguka kwa sababu ya neno “nguvu”.

Ninapendekeza jambo dogo linalowezekana bila fedha. Wanafunzi wawili wa lugha na wawili wa fizikia wakae pamoja, wachukue silabusi ya mekanika ya mwaka wa kwanza, waandike maneno yake 100 ya lazima. Kwa kila neno: Kifaransa chake, Kiswahili cha sayansi kama kipo, Kiswahili chetu cha Bunia kinavyosema, na mfano mmoja kutoka sokoni, jikoni au barabarani unaoonyesha tofauti. Mahali ambapo Kiswahili cha mtaani kinachanganya, waseme wazi kwamba kinachanganya. Daftari hilo lipigwe nakala, lipelekwe kwa walio staji. Mwalimu anayeingia darasani nalo hatawanyang’anya watoto Kifaransa chao. Atawapa mahali pa kukanyaga wanapokiendea.

Kuhusu mdogo wangu: ameanza ISP. Sitasema alikubali kwa furaha; alikubali kwa sababu hesabu ya Baba haikuwa na njia nyingine. Juma lililopita nilimkuta jikoni na Mama, ameshika themometa ya kuazima juu ya sufuria ya maharagwe. Mama aliniuliza, “Mtoto huyu anatafuta nini katika chakula changu?” Yeye hakugeuka. Aliniambia tu, “Yaya, ni 96 kweli. Sasa nieleze, kwa Kiswahili, pression unaiitaje?”

Nikamwambia. Akaliandika.